Siku Mia Tatu Sitini na Mbili Bila Ajali

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege, ukaegemezwa kwenye ukuta wa duka la vipuri lililofungwa tangu mwenyewe alipohamia kwa mwanawe. Ukikaa kushoto ubao unabonyea, ukikaa kulia unachomwa na msumari, kwa hiyo katikati hugombewa kama kiti cha ubunge. Hapo hukutana kila mchana wale wenye kazi zisizo na haraka na wale wasio na kazi kabisa, wakanywa kahawa ya Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, na wakatatua matatizo ya dunia nzima isipokuwa ya kwao. Ijumaa hiyo, saa saba na nusu, walikuwa wanaume wanne. Jua lilikuwa limewachosha na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana. Wakabishana hivyo hivyo.

— Leo ndiyo mwisho, alisema Nusu Saluti. Saa tisa wanafunga ofisi ya kazi.

Alikuwa na bahasha ya kaki mapajani, ameibana kwa mkono wa kulia, au tuseme kwa kilichobaki: gumba na kidole cha mwisho. Vitatu vya katikati vilikwenda na kamba ya meli mwaka jana. Siku aliporudi kijiweni kwa mara ya kwanza aliwapigia wenzake saluti ya kibaharia, mmoja akasema hiyo ni nusu, na jina likaganda. Siku ile alicheka mwenyewe. Siku hizi huitikia tu.

— Mwisho wa nini tena? aliuliza Redio.

Redio ni fundi viatu, na alijua vizuri sana mwisho wa nini, maana habari zote za mtaa hupita kwake kabla hazijawafikia wenyewe. Aliuliza ili mazungumzo yaanze.

— Wa kudai fidia, bwana. Faili lina kila kitu. Cheti cha daktari kimo, mkataba umo, picha za mkono zimo. Amekosekana mtu mmoja tu wa kuandika kwamba aliona. Asipopatikana leo, karani kasema watafuata kitabu cha meli.

— Na kitabu kinasemaje?

— Kinasema niliteleza bafuni, nikiwa si zamuni, kwa uzembe wangu mwenyewe.

— Lo! Bafuni! Vidole vitatu viliteleza vyenyewe?

Aliyekaa upande wa msumari alipuliza kahawa yake. Huyo ni Serahangi. Serahangi ni cheo, si jina: ndiye mkubwa wa mabaharia wa sitahani, anayegawa kazi na kushika funguo za stoo ya kamba. Alikuwa serahangi wa meli hiyo hiyo iliyomla Nusu vidole, tena ndiye aliyemtafutia ile kazi, kwa kuwa amemuoa dada yake Nusu. Jumatatu alikuwa anarudi baharini kwa mkataba mpya wa miezi tisa. Begi lake lilikwisha fungwa, liko uvunguni mwa kitanda, na mkewe alikuwa anafagia akilizunguka.

Kijiwe kilijua yote hayo. Kilijua pia kwamba alfajiri ya ajali Serahangi alikuwa chumbani kwake amelala. Nusu ndiye aliyesema hivyo, siku ile ile ya saluti, kabla hata hajaulizwa. Serahangi alikuwa amekaa hapo hapo kwenye msumari, akanywa kahawa yake, na hakumkatalia.

— Mimi tatizo lenu nimeliona zamani, alisema Hakimu.

Hakimu hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, akabeba mafaili mengi mpaka akaamini ameyasoma.

— Liko wapi?

— Kwenye bendera. Meli inafuata sheria ya bendera yake. Mwenye meli wa nchi moja, nahodha wa nchi nyingine, wakala yuko hapa ghorofani juu ya duka la simu, lakini bendera ni ya kisiwa fulani. Huko ndiko pa kushtaki.

— Kisiwa gani hicho? Nusu, umewahi kukiona?

— Sijawahi, alisema Nusu. Jina lake tu, limeandikwa nyuma ya meli.

— Basi mimi nitawaambia, alidakia Redio. Kile kisiwa hakina watu. Kina sanduku la posta na bawabu mmoja. Meli elfu nne zote ni za bawabu huyo. Ukimshtaki, anajibu kwamba yeye ni wa zamu ya mchana tu.

— Nani kakuambia?

— Viatu vya baharia mmoja. Akiwa anasubiri nishone, alinisimulia.

Shangazi aliguna, akajaza vikombe. Kwake mtu akiagiza cha tatu ndipo huhesabiwa kuwa mteja. Kabla ya hapo ni mgeni wa benchi.

— Na hiyo fidia yenyewe ni kiasi gani? aliuliza, bila kumtazama mtu.

— Kuna kitabu, alisema Hakimu. Kila kiungo kina bei yake humo. Jicho, sikio, goti. Vidole navyo hivyo hivyo, kimoja kimoja.

— Aka! Kama buchani?

— Ndiyo sheria, Shangazi. Mkono wa kulia unazidi wa kushoto. Gumba linazidi vyote.

— Ona sasa bahati yake ilivyo mbaya, alisema Redio. Gumba ndilo limebaki. Lakini hapo bado hamjafika kwenye kiini. Swali la kiini ni hili: vile vidole viliangukia wapi?

— Redio, nyamaza.

— Sinyamazi, hii ni sheria! Vikiangukia sitahani, analipa mwenye meli. Vikiangukia majini, analipa mwenye maji. Na yale maji ni ya nani? Mtu apime. Halafu je, samaki akavila, samaki naye akavuka akaenda kuvuliwa nchi ya tatu? Hapo nchi tatu zinahusika. Nusu, wewe ni tajiri na hujui.

Nusu alicheka kidogo kwa pua. Alikuwa amechoka. Asubuhi hiyo alikwenda kwa wakala, akakaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki, akaambiwa mwenye kuhusika yuko mkutanoni, na kupitia mlango ulioachwa wazi akamwona mwenye kuhusika anakata kucha. Tangu mwaka jana amekuwa akipigwa danadana namna hiyo, ofisi hadi ofisi, na kila ofisi inamtaka aanze hadithi upya. Ameisimulia mara nyingi mpaka hata yeye huisikia kama habari za mtu mwingine.

— Na wenzako wa melini? Shangazi aliuliza. Watu kumi na tisa, hakuna hata mmoja?

— Nimewapigia. Wengine hawapokei. Mpishi alipokea, akaniombea dua, akakata.

— Wanaogopa nini?

— Kupigwa kalamu. Nani hataki kula?

Serahangi aligeuza kikombe chake. Alikuwa akijua sababu nyingine, na hiyo hakuna ofisi iliyoiuliza.

Melini, karibu na mlango wa chumba cha kulia, palikuwa na ubao mweusi. Juu umeandikwa kwa rangi: Siku Bila Ajali. Chini yake, nambari kwa chaki. Kila siku saa moja asubuhi Serahangi, na si mtu mwingine, huifuta kwa kitambaa na kuandika inayofuata. Kampuni ilikuwa imeahidi kwamba meli itakayofikisha siku mia tatu sitini na tano, mabaharia wake wote watapewa mikataba mipya bila kusubiri foleni ya wakala. Foleni ile huweza kumweka mtu nyumbani mwaka mzima. Basi watu kumi na tisa walikuwa wanautazama ule ubao kuliko walivyotazama bahari. Mtu akijikata kidole jikoni, anafunga kitambaa na kunyamaza. Fundi wa injini aliungua bega akalipaka dawa ya meno. Hakuna aliyewalazimisha. Walikuwa wakilindana, kwa maneno yao wenyewe.

Alfajiri ile meli ilikuwa inafungwa gatini. Walikuwa macho tangu asubuhi ya jana yake, kwa sababu kabla ya kufunga kamba walikuwa wameosha matumbo ya meli, vyumba vya kuwekea shehena. Kazi ya winchi, mashine ya kuvuta kamba, ni ya watu watatu: mmoja kwenye kamba, mmoja kwenye wenzo wa kuendeshea, na mmoja wa kusimama katikati akitoa ishara. Wa katikati hakuwepo; alitumwa nyuma kusaidia huko, maana watu walikuwa hawatoshi. Nusu alikuwa kwenye kamba. Kwenye wenzo alikuwa Serahangi. Alisinzia akiwa amesimama, kwa muda wa kupepesa jicho tu, na mkono wake ukausukuma wenzo kabla ya wakati. Nusu hakupiga kelele. Alisema tu “shemeji,” kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njiani.

Nahodha alikuja akaangalia, akamwita Serahangi pembeni na kumwambia zimebaki siku tatu. Serahangi akamwendea Nusu, aliyekuwa ameketi juu ya rundo la kamba, mkono ukiwa ndani ya taulo, akamuuliza: tuseme bafuni? Nusu akatikisa kichwa kukubali. Ilipofika saa moja Serahangi akaenda kwenye ubao, akafuta mia tatu sitini na moja, akaandika mia tatu sitini na mbili.

Mikataba ilikuja kweli. Tena juu yake yakaja majaketi ya buluu, moja kwa kila mtu, yameandikwa mgongoni Mwaka Mzima Bila Ajali. Hata Nusu alipelekewa lake nyumbani, na mkewe hulivaa akifua nje asubuhi za baridi. Mkataba ndio hakupelekewa. Baharia asiyeweza kufunga kamba hana kazi sitahani.

— Sikilizeni, alisema Hakimu. Iko njia moja nyingine. Meli yenyewe inaweza kukamatwa.

— Inaweza nini?

— Kukamatwa. Ikitia nanga bandari yoyote, mtu anakwenda na karatasi ya mahakama, anaibandika mlingotini, na meli haitoki mpaka mdai alipwe. Nimeibeba karatasi ya namna hiyo kwa mikono yangu.

Redio alicheka mpaka akakohoa.

— Jamani! Na pingu mnaifunga wapi? Mnaipeleka rumande kwa mkokoteni?

— Ni kweli hiyo, Redio.

— Kati ya yote tuliyosema leo, hilo ndilo la uongo kabisa. Shangazi, umpunguzie kahawa huyu. Hebu tufanye kitu cha maana. Nusu, nipe hiyo karatasi, mimi nitashuhudia.

— Utashuhudia nini?

— Kwamba niliona. Nilikuwepo. Nilikuwa nashona viatu vya nahodha.

— Wewe hata kivuko hujawahi kupanda, alisema Hakimu. Ukiona ndoo ya maji unashika ukuta.

— Nitakula kiapo. Ni mwenzetu huyu! Watoto wanne! Jana mkubwa kaletwa kwangu na kiatu kisicho na soli, nikashona juu ya hewa. Mwishowe nani atajua?

— Watakuuliza jina la meli.

— Nusu ataninong’oneza.

— Acha, Redio, alisema Nusu. Ahsante, lakini acha. Sitaki mtu afungwe kwa ajili yangu.

Aliposema hivyo alikuwa anatazama barabarani. Serahangi alitamani angemtazama yeye, hata kwa chuki. Ingekuwa nafuu. Lakini Nusu hajawahi kumtupia jicho la lawama hata siku moja, wala hawajawahi kulizungumza jambo lile wakiwa wawili. Mwisho wa mwezi Serahangi hutuma nyumbani mshahara, mkewe huugawa mara mbili, nusu moja inavuka ua kwenda kwa kaka yake. Nyumba mbili, watoto saba, mkono mmoja wa baharini. Nusu Saluti alikwisha piga hesabu hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, ndiyo sababu akasema shemeji alikuwa amelala. Na Serahangi alikwisha chagua kuamini kwamba huo ndio uamuzi wa busara, kwamba anamlisha, kwamba fidia zenyewe huchukua miaka na huenda zisije. Yote hayo yalikuwa kweli. Alikuwa akiyarudia moyoni kila asubuhi anaponyoa, na bado hayajamsaidia.

— Saa nane kasoro, alisema Hakimu. Kutoka hapa mpaka ofisi ya kazi ni nusu saa kwa miguu.

— Nitakwenda tu kuwarudishia faili lao, alisema Nusu. Nimalizie kahawa kwanza.

Wakati huo alikuja mwanamke wasiyemjua vizuri, mweupe wa unga kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kwenye kandambili. Alikuwa mwendeshaji wa ile mashine ya kusaga iliyofunguliwa juzi juzi mtaa wa nyuma. Aliagiza kahawa ya kuondoka nayo, akampa Shangazi kopo lake la bati, na alipokuwa anasubiri, macho yake yakatua kwenye mkono wa Nusu. Hakujifanya hajauona.

— Pole, kaka yangu. Ni mkanda?

— Winchi. Ya meli.

— Mama yangu! Winchi ina nguvu kuliko hata mashine yangu. Una bahati haikuchukua mkono wote.

— Nashukuru Mungu.

— Mlikuwa wangapi?

— Peke yangu, alisema Nusu haraka.

Yule mama akapokea kopo lake, akalifunika kwa kiganja. Alikuwa ameshageuka kuondoka, akasita, kwa namna ya mtu ambaye hesabu yake haijakaa sawa.

— Sasa mkono ukiwa umenaswa humo ndani, winchi aliizima nani?

Redio alifungua kinywa. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa huo kumwona amefungua kinywa na hakikutoka kitu. Hakimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Miaka kumi na tisa ya mafaili, na mwaka mzima wa kulijadili jambo hili kwenye ubao huu, na lile swali halikumpitia kichwani. Shangazi aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

— Ilisimama yenyewe, alisema Nusu.

— Winchi?

— Ndiyo.

Yule mama alimtazama kidogo. Hakuwa mtu wa kubishana na wagonjwa.

— Haya. Pole tena, alisema, akaenda zake na unga wake.

Hakuna aliyemwangalia Serahangi. Walitazama barabara, viatu, birika, kila kitu kilichokuwepo isipokuwa yeye, na ndivyo alivyojua kwamba wote wameshaelewa.

— Redio, endelea basi na samaki wako, alisema Nusu. Umetuachia njiani.

Redio aliinamia boksi lake la viatu, akatafuta sindano.

— Nilizima mimi, alisema Serahangi, akainuka.

— Shemeji, hujambo? Kunywa kahawa.

— Niliiwasha mimi, nikaizima mimi. Nilikuwa nimeshika wenzo, nikasinzia. Tulikuwa hatujalala tangu jana yake, na mtu wa ishara hakuwepo. Bafuni nilisema mimi.

— Kaa chini! Nusu alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, mara ya kwanza tangu ajali. Umekaa kimya mwaka mzima, huwezi kukaa kimya siku tatu? Jumatatu unaondoka! Wakala akilisikia hili hupandi meli tena, si hii tu, zote. Watoto wangu wanne, wako watatu. Nani atawalisha, ile ofisi?

— Sijui.

— Kama hujui usiseme!

— Sijui, shemeji. Nimechoka, basi. Nimechoka kukuona unabeba hiyo bahasha.

Nusu akaiweka bahasha chini. Alijifuta uso kwa mkono wake wa vidole viwili, kisha akauficha nyuma ya mkono huo. Shangazi akamwekea mkono mgongoni, akamwacha alie.

Hakimu alikuwa ameshatoa karatasi safi kutoka mfuko wa shati. Kalamu ilikuwa na wino, maana huijaribu kila asubuhi bila ya kuwa na la kuandika. Redio akamgeuzia boksi lake la viatu liwe meza, akapangusa juu yake kwa kiwiko.

— Jina kamili, alisema Hakimu.

Serahangi akalitaja. Kijiweni hakuna aliyekuwa akilijua.

— Uhusiano na mdai.

— Nimemuoa dada yake.

— Umri.

Akautaja.

— Kazi.

Serahangi alikuwa akiitazama bahasha ya kaki. Hakimu akadhani hakusikia.

— Kazi yako. Niandike nini?

— Andika nilikuwa serahangi, akasema. Na uandike upesi, ofisi inafungwa.